Mita Kumi za Burlada

Tarehe 2 Desemba 2012, katika mji mdogo wa Burlada, jimbo la Navarra, kaskazini mwa Hispania, Mkenya Abel Mutai alikuwa akiongoza mbio za nyika kwa umbali ambao aliyemfuata asingeweza kuuziba. Miezi minne kabla ya siku hiyo alikuwa amevishwa medali ya shaba ya Olimpiki mjini London katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, kwa hiyo ushindi wake katika mashindano ya kawaida kama yale usingemshangaza mtu yeyote. Kilichowashangaza watu ni kwamba alisimama. Alidhani amekwisha kuuvuka mstari wa mwisho, kumbe zilikuwa zimesalia kama mita kumi, na mwili wake ukalegea kama wa mtu aliyemaliza kazi. Nyuma yake alikuwa anakuja Iván Fernández Anaya, Mhispania mwenye umri wa miaka 24, ambaye alikuwa na kila nafasi ya kumpita na kutangazwa mshindi. Hakumpita. Alibaki nyuma ya Mutai, akamwelekeza kwa ishara za mikono mpaka Mutai akatambua kosa lake na kuuvuka mstari akiwa wa kwanza.

Habari hiyo imezunguka sana katika makundi ya WhatsApp, na kila inaporudi inakuwa imetiwa chumvi zaidi. Siku hizi huja na mahojiano marefu ambamo mwandishi wa habari anamshambulia kijana wa watu kwa maswali, naye anajibu kwa hotuba kuhusu maadili na mama yake mzazi. Mimi napenda zaidi yale machache aliyoliambia gazeti la El País, ambayo hayana machozi: kwamba Mutai ndiye aliyestahili kushinda, kwamba pengo lile yeye asingeliziba kama mwenzake asingekosea, na kwamba mara tu alipomwona anasimama alijua hatampita. Basi. Ni maelezo ya mtu anayeizungumzia hesabu kuliko huruma. Aliyekimbia vizuri zaidi alikuwa mwingine, na mstari uliochorwa chini ulitakiwa kulithibitisha hilo, si kulibadilisha.

Kocha wake hakufurahi. Kocha huyo alikuwa Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995, mtu anayejua gharama ya ushindi kuliko mimi na wewe. Alisema waziwazi kwamba yeye angeitumia nafasi ile na kushinda, na kwamba kitendo kile kilimfanya kijana wake kuwa mtu bora zaidi lakini si mwanariadha bora zaidi. Wengi walimlaumu. Mimi namheshimu kwa kusema mbele ya waandishi yale ambayo makocha wengi huyasema vyumbani tu, mlango ukiwa umefungwa. Tena sina haki ya kumlaumu, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa Fiz, na nilihitimu miaka mingi kabla ya kulisikia jina lake.

Nilihitimu Songea, mwaka 1996. Nilikuwa na umri wa miaka 17, beki wa kati wa timu ya shule yetu ya sekondari kutoka Iringa, na tulikuwa tumesafiri nyuma ya lori kwa siku nzima kwenda kucheza na wenyeji mchezo ambao mshindi wake angesonga mbele. Sisi wengi wetu tulikuwa Wahehe na wao wengi wao walikuwa Wangoni, kwa hiyo kabla hata hatujashuka kwenye lori tulikwisha kuulizwa kama mbwa wa shule yetu bado wako hai, nasi tukajibu kwamba tumewaachia wao panya, maana Wahehe hutaniwa kwa kula mbwa na Wangoni kwa kula panya. Asiyeyajua makabila haya angedhani vita imeanza. Kumbe ndiyo karibu yenyewe.

Hadi dakika za mwisho tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Magoli hayakuwa na nyavu, mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu, na upande wa jua la jioni mshika kibendera, mwanafunzi mwenzetu, alikuwa amejikinga macho kwa kiganja. Mshambuliaji wao, kijana mrefu mwenye kasi ambaye nilikuwa nimemkimbiza mchana kutwa bila mafanikio, alimzunguka kipa wetu na kuusukuma mpira taratibu kuelekea golini. Niliufikia nikiwa ninateleza. Niliufikia ukiwa umekwisha kuvuka. Niliyaona majivu ya mstari upande wa huku wa mpira, shubiri mbili kamili, na mguu wangu ukautoa nje kabla akili yangu haijaulizwa.

Mwamuzi, ambaye alikuwa mwalimu, alifika akihema. Hakuwa ameona. Mshika kibendera hakuwa ameona. Basi akafanya jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa la kizembe au la kiungwana: alinigeukia mimi, mbele ya wachezaji wote, akaniuliza, “Wewe ulikuwa pale. Lilivuka?” Nikasema, “Halikuvuka, mwalimu.” Sikupiga kelele wala sikuapa. Nililisema kwa upole, kama mtu anayetaja saa. Mshambuliaji alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu na alikuwa ameona kila kitu. Alinitazama, akaiteremsha mikono aliyokuwa ameinyanyua kushangilia, akageuka kurudi katikati ya uwanja.

Tulishinda. Filimbi ilipolia yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunifuata, akanipa mkono na kusema, “Hongera, kaka.” Nilitafuta kejeli katika sauti yake na sikuipata. Lori letu lilikuwa limeharibika, hivyo ilitubidi kulala palepale, na usiku wenyeji wetu wakatukaribisha katika bwalo lao kula ugali na maharage. Kwa desturi, wenyeji huwanawisha wageni. Yeye ndiye aliyepangiwa meza yetu. Alikuja na birika na beseni, akanimiminia maji mikononi polepole, akasubiri nisugue, akamimina tena. Nimewahi kupigwa viboko shuleni, na nimewahi kuachwa benchi mbele ya wazazi wangu, lakini hakuna adhabu ya michezo iliyowahi kunifikia kama maji yale ya uvuguvugu, na yeye wala hakuwa ananiadhibu.

Tuna methali ambayo kila mtangazaji wa mpira huitumia: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeisikia ikisemwa mara nyingi, na karibu kila mara huelekezwa kwa aliyefungwa, ili anyamaze na asimtukane mwamuzi. Lakini iangalie vizuri. Haisemi kwamba asiyekubali kushindwa ni mkorofi, au ni mtoto. Inasema si mshindani, yaani hajaingia kabisa katika jambo lenyewe. Kwa mujibu wa methali hiyo, mimi siku ile ya Songea sikuwa nimeshindana na mtu. Nilikuwa nimekwepa kushindana, kisha nikapewa pointi zake.

Na neno lenyewe linastahili kutazamwa, maana Kiswahili hapa kimefanya kazi nzuri kuliko sisi tunaokizungumza. Kutoka katika mzizi mmoja tumepata kushinda, kushindwa na kushindana. Kile kiambishi kidogo cha mwisho, -na, ndicho kilekile kilichomo katika kupendana, kusaidiana na kusalimiana. Kinaeleza kitendo ambacho mtu mmoja hawezi kukikamilisha peke yake. Unaweza kushinda bahati nasibu ukiwa umelala nyumbani kwako, lakini huwezi kushindana ukiwa peke yako. Mshindani, kisarufi kabla hata ya kimaadili, ni mtu unayefanya naye jambo. Adui hana sarufi hiyo. (Kwamba kushinda ni pia kukaa mahali mchana kutwa, kama tunavyoulizana “umeshindaje?”, ni jambo jingine, ingawa mchana ule wa Songea nilishinda kwa maana zote mbili na sikufurahia hata moja.)

Hata hivyo, jina tulilolichagua kwa ajili ya tabia njema uwanjani halinikai vizuri sana. Tunasema “mchezo wa kiungwana”, na mwungwana katika pwani ya zamani alikuwa mtu huru mwenye asili yake, kinyume cha mtumwa. Ungwana ulikuwa cheo cha kuzaliwa nacho kabla ya kuwa tabia. Kwa maana hiyo, mtu akimtendea mpinzani wake kiungwana ni kama anateremka kutoka juu, anatoa sadaka ya heshima kwa aliye chini yake. Nadhani ndiyo maana wachezaji wengi vijana huusikia ungwana kama udhaifu au kama maonyesho. Neno lililo karibu zaidi na ninachokitaka tunalo tayari, na tunalitumia kila wiki bila kulisikiliza. Neno hilo ni mtani.

Simba na Yanga hawaitwi maadui. Wanaitwa watani wa jadi. Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na mwenzake mwaka 1936, na huyo wa pili alifika mwaka 1971 ndipo akaacha jina la Sunderland na kuitwa Simba. Tangu zama hizo jiji la Dar es Salaam, na baadaye nchi nzima hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona uwanja wenye majani, limegawanyika kati ya Msimbazi, kwao Simba, na Jangwani, kwao Yanga. Kila upande una hesabu zake za kumnyima mwenzake usingizi. Wao wana mabao matano ya mwaka 1968. Sisi wa Simba tuna matano ya Mei 2012, lakini hasa tuna yale sita ya mwaka 1977, ambayo hata sisi tuliokuwa hatujazaliwa tunayasimulia kana kwamba tulikuwapo na tulitoa pasi ya bao la nne.

Utani ni taasisi yenye sheria, na watu waliokulia mjini wakati mwingine huichukulia kama mzaha tu. Wahehe na Wangoni walipigana vita kali katika karne ya 19, na wazee wa pande zote mbili husimulia kwamba hakuna aliyemmaliza mwenzake. Kilichobaki baada ya mikuki kuwekwa chini ni utani: ruhusa ya kumtukana mjukuu wa yule aliyetaka kumuua babu yako, na pamoja na ruhusa hiyo, wajibu wa kumzika. Mtani huja msibani kabla ya ndugu wengine, hufanya kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya, na hapohapo huvuruga kilio kwa vituko vyake. Kuna watani ambao huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka walipwe. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, hutoa pesa, na maziko yanaendelea. Matusi na mazishi ni mkataba mmoja, na anayechukua nusu ya kwanza akaacha ya pili hana haki ya kuitwa mtani.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na mashabiki wenzangu. Timu ya mwenzetu inapokutana na wageni katika mashindano ya Afrika, wapo upande wetu wanaonunua jezi za wageni hao, wanajifunza majina ya wachezaji ambao juzi hawakuwajua, na kuwapokea uwanja wa ndege kwa ngoma. Upande wa pili nao hufanya vilevile zamu yetu ikifika. Kila mara hilo likitokea huibuka watu wa kuhubiri uzalendo, na mahubiri yao hayanigusi, kwa sababu shabiki hawezi kuamriwa na serikali ampende nani kwa dakika tisini. Mimi silalamiki kwa niaba ya taifa. Nalalamika kwa niaba ya utani. Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, baada ya matokeo ya jumla ya 2–2, nilicheka. Nilikuwa na haki ya kucheka. Lakini nilicheka baada ya kumpigia simu jirani yangu wa Jangwani na kumwambia pole, na ile pole ilikuwa ya kweli, kwa sababu nami nilikumbuka mwaka 1993, Simba tulipofungwa hapahapa nyumbani na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, nikiwa na redio sikioni. Mwaka 2025 ikawa zamu yetu tena: tulikosa Kombe la Shirikisho mbele ya RS Berkane. Jirani alicheka sana. Pia alipiga simu.

Narudi kwa Fiz, kwa sababu hoja yake haijajibiwa kwa hadithi za misiba. Alisema wema haumfanyi mtu kuwa mwanariadha bora. Nami nikitaka kumjibu huwa nawataja Paul Tergat na Haile Gebrselassie.

Tergat, mtoto wa Baringo, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1995 hadi 1999. Katika nchi yoyote nyingine na katika zama nyingine zozote angekuwa mfalme wa mita 10,000 pia. Bahati yake, au bahati mbaya yake, ni kwamba alizaliwa zama moja na kijana kutoka Asella nchini Ethiopia. Mwaka 1996 huko Atlanta, Haile alichukua dhahabu na Tergat fedha. Mashindano ya dunia ya mwaka 1997, hivyohivyo. Ya mwaka 1999, hivyohivyo. Agosti 1997 Tergat aliinyakua rekodi ya dunia ya Haile kwa kukimbia dakika 26 na sekunde 27.85, na Juni 1998 Haile akairudisha nyumbani.

Kisha ikaja Sydney, tarehe 25 Septemba 2000. Mtu asiyeipenda riadha anapaswa kuitazama mara moja angalau duru ya mwisho ya mbio zile. Zikiwa zimesalia kama mita 250, Tergat, ambaye miaka yote alikuwa anajulikana kwa kuchosha watu mapema kwa sababu hana kasi ya mwisho, ndiye aliyechomoka. Alichomoka kwa namna ambayo Wakenya waliokuwa mbele ya televisheni waliamini kwamba safari hii ni yeye. Haile alimfuata akiwa na mguu ambao ulikuwa umemsumbua kabla ya michezo ile, akawa anapunguza pengo nusu hatua kwa nusu hatua, na katika hatua za mwisho kabisa akampita. Baada ya kilomita kumi na duru 25, walitenganishwa na sekunde 0.09. Siku mbili kabla ya hapo, katika fainali ya mita 100 ya wanaume kwenye uwanja uleule, Maurice Greene alikuwa amemwacha Ato Boldon kwa sekunde 0.12. Yaani watu waliokimbia umbali mara mia moja zaidi walifika karibu zaidi.

Mtu anaweza kumchukia aliyemfanyia hivyo. Ni jambo la kibinadamu kabisa, na kama Tergat angemchukia Haile hakuna ambaye angemhukumu. Hawakuchukiana. Walikuwa marafiki katika miaka ileile ya ushindani wao mkali, na urafiki huo haukumpunguzia yeyote hata sekunde moja. Tergat alihamia marathoni, na mwaka 2003 huko Berlin akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:04:55, sekunde moja tu mbele ya Sammy Korir, ambaye alikuwa ameingia mbioni kama kiongoza kasi na akaamua kutoondoka. Miaka minne baadaye, kwenye barabara zilezile za Berlin, Haile akaivunja rekodi hiyo kwa kukimbia saa 2:04:26. Katika furaha ya kuwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani katika umbali ule, alimtaja Tergat kuwa ni rafiki yake na akamwomba radhi kwa kuichukua rekodi yake.

Kuna wanaoliona ombi lile la radhi kuwa mzaha. Mimi naliona kuwa ni utani katika maana yake kamili: nimekushinda, nitakushinda tena nikipata nafasi, na ninajua ni kitu gani nimekichukua kwako. Ukiwatazama wawili hawa huwezi kusema ni nani angekuwa bora zaidi kama mwenzake asingezaliwa. Mimi nadhani wote wawili wangekuwa na kasi ndogo zaidi. Kocha akiniuliza wema unamwongezea nini mwanariadha, nitasema haumwongezei misuli, lakini unamhifadhia mshindani, na mshindani ndiye anayeongeza misuli.

Wapo wanaodhani kwamba jambo hili linaweza kuachiwa kanuni. Mwaka 2018, katika Kombe la Dunia nchini Urusi, Senegali na Japani walimaliza hatua ya makundi wakiwa na pointi sawa, tofauti sawa ya mabao, mabao sawa, na walipokutana wenyewe walitoka 2–2. Kanuni ikasema basi tuhesabu kadi. Senegali walikuwa na kadi sita za njano, Japani nne, na Senegali wakarudi nyumbani kwa jina la mchezo wa kiungwana, ikiwa ni mara ya kwanza kwa Kombe la Dunia kuamua hivyo. Kilichoniuma si kadi. Ni kwamba katika dakika kumi za mwisho za mchezo wao na Poland, huku wakiwa nyuma kwa bao moja, Wajapani walipata habari kwamba Senegali nao wamefungwa, wakaacha kushambulia na kuanza kupasiana mpira nyuma mpaka filimbi, uwanja mzima ukizomea. Hawakuvunja kanuni yoyote. Waliushika uungwana wa kadi mkononi na kuutumia kama ngao ya kukwepa kucheza. Sisemi Japani ni watu wabaya. Mashabiki wao ndio wanaosifika duniani kwa kuokota takataka za viwanja vya watu wengine. Nasema tu kwamba kadi huhesabika, na kinachohesabika hupata mafundi wa kukihesabu.

Upande wa pili wa mizani naiweka Arsenal ya Februari 1999, katika Kombe la FA dhidi ya Sheffield United. Matokeo yalikuwa 1–1, kipa wa Sheffield akautoa mpira nje ili mwenzake aliyeumia atibiwe, na Ray Parlour akaurusha kuelekea kwa kipa huyo, kama desturi inavyotaka. Nwankwo Kanu, Mnijeria aliyekuwa anaichezea Arsenal kwa mara ya kwanza na ambaye hakuwa ameelewa kinachoendelea, aliufuata mpira, akaupeleka mbele ya goli, na Marc Overmars akafunga. Mwamuzi hakuwa na kanuni ya kulikataa bao lile. Arsenal walishinda 2–1, na mara baada ya mchezo kocha wao, Arsène Wenger, akajitolea mchezo urudiwe. Ulirudiwa siku kumi baadaye, na Arsenal wakashinda tena 2–1. Nimekuwa nikijiuliza kama tungeikumbuka hadithi hii kwa furaha hivi endapo wangefungwa. Nadhani Wenger alistahili sifa zaidi kwa siku zile kumi za kusubiri kuliko kwa ushindi wa pili, kwa sababu alikuwa amekirudisha mezani kitu alichokuwa nacho tayari mfukoni.

Kitu kilekile sikukirudisha mimi.

Sikumwona yule mshambuliaji kwa miaka 23. Mwaka 2019 tulimzika baba yangu mdogo aliyekuwa akiishi Mbagala, na siku ya pili ya msiba wakaja watani. Mmoja wao, mtu mrefu mwenye mvi kidogo na kitambi ambacho kasi yake ya zamani isingekiruhusu, alikwenda moja kwa moja jikoni, akajifunga khanga ya shangazi, akachukua mwiko na kutangaza kwamba ugali hautaiva mpaka Wahehe walipe deni lao. Nilimtambua kabla hajageuka. Yeye alinitambua nilipofika mbele yake na noti mkononi. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za watoto, nikagundua kwamba ni Yanga, akagundua kwamba mimi ni Simba, naye akasema alijua tangu zamani kwamba nina kasoro. Siku ya maziko alibeba jeneza akiwa mbele upande wa kulia. Tulipeana namba za simu. Kuhusu Songea hatukusema neno, ingawa jioni moja, maji ya kunawa yalipokuwa yanapitishwa, nililiwahi birika na kumnawisha mimi, na sijui kama alielewa.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga 5–1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wanaoujua mji huu wanajua usiku ule ulikuwaje, honi hadi alfajiri na viganja vilivyofunguliwa vidole vitano kutoka kila dirisha la daladala. Nilizima televisheni, nikakaa nje barazani gizani, na simu yangu ikaanza kazi. Ujumbe wake ulikuwa wa 14. Hakuandika neno hata moja. Alituma picha ya kiganja chake mwenyewe.

Niliiangalia picha ile kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kilikuwa kile kiganja kilichoshika birika. Kisha nikaandika, bila salamu: “Lile la Songea lilivuka. Shubiri mbili.”

Alama za bluu zilitokea papo hapo. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena.

“Najua,” alijibu. “Kwa hiyo ni sita.”